Faiba, dishi au king'amuzi? Mambo matatu yanayomchagulia mteja kabla hajalipa

Vita vya bei kati ya kampuni za intaneti ya nyumbani nchini Kenya vimewaletea wateja nafuu waliyoisubiri kwa miaka. Septemba 2024, Safaricom iliongeza kasi ya vifurushi vyake vya faiba bila kugusa bei. Kifurushi cha KSh2,999 kilipanda kutoka megabiti 10 kwa sekunde hadi 15. Cha KSh4,100 kikatoka 20 hadi 30, na cha KSh6,299 kikaruka kutoka 40 hadi 80.

Nafuu hiyo haikuja kwa hisani. Zaidi ya mwaka mmoja kabla, Julai 2023, kampuni ya Starlink ilikuwa imeanza kuuza intaneti ya setilaiti nchini. Bei ya dishi lake ilianza karibu KSh90,000, kisha ikashuka hadi takriban nusu yake. Agosti 2024 ikaja na kifurushi cha KSh1,300 na mpango wa kukodi dishi kwa KSh1,950 kwa mwezi.

Ongeza hapo Jamii Telecommunications wenye chapa ya Faiba, Zuku wanaouza intaneti na TV kwa waya mmoja, Poa Internet waliojenga soko lao mitaa kama Kibera na Kawangware, na Mawingu waliozaliwa Nanyuki. Upande wa TV wako DStv, GOtv na StarTimes.

Ukitazama matangazo, Mkenya ana chaguo tele. Ukiingia ndani ya nyumba, mambo ni tofauti. Familia nyingi hukuta uchaguzi umeshafanywa, na waliochagua ni watatu: jengo, mpira na mfuko.

Jengo: waya wa nani umeingia?

Swali la kwanza ambalo mpangaji hujibiwa akihamia ploti mpya si kampuni gani ni bora. Ni kampuni gani ipo. Keateka humwonyesha kisanduku ukutani na kumwambia, "Hapa tunatumia hii." Mazungumzo yanaishia hapo.

Sababu ni ya kibiashara. Kuvuta waya wa faiba kutoka nguzo ya barabarani hadi kila mlango wa jengo la ghorofa saba ni gharama. Kampuni huweka pesa hizo ikitarajia kuzirudisha kwa wateja wa miezi mingi. Inapenda kuwa peke yake. Landilodi naye hataki mafundi wa kampuni nne wakitoboa kuta zake, na pengine kuna makubaliano kati yake na kampuni iliyotangulia.

Mpangaji hayupo kwenye makubaliano hayo, lakini ndiye anayelipa bili.

Hili si jambo dogo. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya kaya saba kati ya kumi za mijini Kenya ni za wapangaji. Miji ndiyo yenye faiba. Kwa hiyo watu walio karibu zaidi na ushindani wa bei ndio hao hao ambao ruhusa ya kubadilisha kampuni iko mikononi mwa mtu mwingine.

Kwenye simu, shida hii ilitatuliwa zamani. Tangu Aprili 2011 Mkenya anaweza kuhama mtandao wa simu akabaki na nambari yake. Kwa intaneti ya nyumbani hakuna kitu kama hicho. Kuhama maana yake ni waya mpya, ruta mpya, fundi mpya na, mara nyingi, ruhusa mpya ya landilodi.

Njia ya kukwepa jengo imeanza kupatikana. Safaricom ilizindua 5G kibiashara Oktoba 2022, na Airtel ikafuata Julai 2023. Ruta ya 5G haihitaji kutoboa ukuta. Mpangaji huichomeka kwenye umeme, na siku ya kuhama huibeba kama anavyobeba pasi. Kinachohitajika ni mtaa uwe na mnara wa 5G karibu, na mnara huo usiwe umelemewa na watu jioni.

Dishi la Starlink pia halitegemei waya wa mtaani, ila linahitaji kuona anga bila kuzuiwa na mti au ghorofa jirani. Kwa nyumba ya shambani hilo ni rahisi. Kwa mpangaji wa ghorofa ya pili, anga iko juu ya paa, na ufunguo wa paa anao landilodi. Mtu amekwepa waya, akakutana na mlango.

Mpira: nani ana haki za mechi?

Kwenye TV, kinachomfunga mteja ni maudhui, na maudhui yanayouza kuliko yote Afrika Mashariki ni kandanda.

Mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwa miaka mingi zimekuwa kwenye chaneli za SuperSport, ambazo ni za MultiChoice, wenye DStv na GOtv. Shabiki wa Arsenal au Manchester United anayetaka kuona kila mechi akiwa nyumbani hana pa kulinganishia bei. Kifurushi cha juu kabisa cha DStv kimevuka KSh10,000 kwa mwezi. Vifurushi vya chini vipo, lakini vinakuja na mechi chache.

Jirani Tanzania mchezo ni huo huo, timu tofauti. Mei 2021, Azam Media ilisaini mkataba na shirikisho la soka la nchi hiyo, TFF, wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara kwa miaka 10 kwa TSh225.6 bilioni. Shabiki wa Simba au Yanga anayetaka ligi ya nyumbani sebuleni anajua king'amuzi cha kununua. Akitaka na ligi ya Uingereza, ananunua cha pili.

Hatari ya kufuata mpira ni kwamba haki huhama au kampuni hufa, na king'amuzi hubaki kwa mteja. Wanaokumbuka GTV wanajua. Kampuni hiyo iliingia sokoni mwaka 2007 ikiwa imenyakua sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwa nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, kwa bei iliyokuwa chini ya mpinzani wake. Watu walikimbilia. Januari 2009 ilifunga ghafla. Picha ikakatika, na vifaa vilivyonunuliwa kwa pesa taslimu vikabaki mapambo chini ya TV, kwa sababu king'amuzi cha kampuni moja hakifungui chaneli za nyingine.

Leo upepo umegeuka. MultiChoice ilipoteza takriban wateja milioni 2.8 katika miaka miwili ya fedha iliyoishia Machi 2025, na Septemba mwaka huo kampuni ya Canal+ ya Ufaransa ikachukua usukani. Gharama ya maisha imechangia. Intaneti yenye kasi nayo imechangia, maana mwenye faiba anaweza kutazama filamu, mahubiri, katuni na muhtasari wa mechi bila king'amuzi chochote.

Hapa ndipo hesabu ya nyumba nyingi inapokosea. Familia inalipia intaneti, halafu inalipia pia kifurushi cha TV ambacho hutazamwa Jumamosi na Jumapili tu. Siku tano zilizobaki, TV ile ile inaonyesha YouTube.

Kosa jingine ni kulipia kilicho bure. Februari 2015, mitambo ya analogi ilipozimwa, NTV, KTN na Citizen zilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu wakati wa mvutano kati ya vyombo vya habari na serikali. Katika pilkapilka hizo watu wengi walinunua king'amuzi cha kwanza walichokiona dukani, na wengi kilikuwa cha kulipia. Tangu hapo wazo likakaa kichwani kwamba TV ni lazima ilipiwe kila mwezi.

Si lazima. Kenya inatumia mfumo wa DVB-T2, na TV nyingi za kisasa zina kipokezi chake ndani. Antena ya kawaida inatosha kupata chaneli za bure kama KBC, Citizen, NTV na KTN palipo na mawimbi. Kombe la Dunia la 2022, KBC ilionyesha baadhi ya mechi bila malipo. Anayetaka habari, vipindi vya nyumbani na mechi chache kubwa anaweza kulipa mara moja tu, kwa antena.

Mfuko: pesa huingia kwa siku au kwa mwezi?

Vifurushi vya nyumbani vimetungiwa mtu wa mshahara. Pesa inaingia mwisho wa mwezi, bili inalipwa kwa M-Pesa, mambo yanaendelea. Kwa fundi wa mjengo, mama mboga au mwendesha bodaboda, KSh2,999 kwa mkupuo mmoja ni mlima.

Kwa hiyo hununua bando ya simu, kidogo kidogo. Anayetumia KSh100 kila siku kwa bando anaona anatumia pesa kidogo. Baada ya siku 30 amelipa KSh3,000, sawa na kifurushi cha faiba cha megabiti 15 ambacho kingehudumia nyumba nzima. Yeye amepata data ya simu moja, ambayo huisha kabla ya habari za saa moja.

Tofauti kati ya watu hawa wawili si kiasi wanacholipa. Ni namna pesa inavyowafikia. Maskini analipa sawa na mwenye mshahara na kupata kidogo, kwa sababu hawezi kulipa kwa mpigo.

Hii ndiyo sababu mitaani kumezuka Wi-Fi za kugawana. Majirani watatu wanachanga, mmoja anaandikisha laini, nywila inasambazwa. Kwingine kijana ananunua kifurushi kikubwa na kuwauzia wenzake kwa siku au kwa wiki. Wateja wanafurahia, ila mpango huo una mashimo. Masharti ya kampuni nyingi hukataza kuuza tena huduma ya nyumbani, biashara ya intaneti inahitaji leseni, na laini ikifungwa, waliochanga hawana wa kumlalamikia. Lakini kuwepo kwake kunaonyesha kitu ambacho kampuni kubwa zinapaswa kukisoma: mahitaji yapo, kinachokosekana ni malipo yanayolingana na kipato cha siku.

Bei ndogo ya tangazo nayo huwa na mtego wake. Kile kifurushi cha Starlink cha KSh1,300 kilikuwa na kikomo cha GB50. Saa moja ya video ya HD inaweza kula hadi GB3. Familia inayotazama saa mbili kila jioni huimaliza GB50 kwa siku kama nane.

Aliyekodi dishi aliongeza KSh1,950 juu yake, jumla KSh3,250 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya KSh2,999 ya faiba isiyohesabu GB kwa namna hiyo. Kwa mtu wa Lodwar au Lamu ambako waya haujafika mlangoni pake, KSh3,250 inaweza kuwa bei nzuri sana. Kwa mtu wa Umoja mwenye waya ukutani, ni hasara. Bei ile ile, maana mbili.

Megabiti ngapi zinatosha?

Kampuni hupenda kushindana kwa kasi kwa sababu nambari kubwa huuza. Lakini kasi ikizidi mahitaji ni pesa inayomwagika.

Netflix yenyewe hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa video ya HD kamili, na 15 kwa ile ya 4K. Nyumba yenye TV moja ikionyesha HD, simu mbili zikivinjari na mtoto akiwa kwenye darasa la mtandaoni inaweza kupita na megabiti 15, mradi kasi iliyolipiwa ndiyo inayofika. Nyumba ya watu sita wenye TV mbili na mtu anayefanya kazi za video itahitaji 30 au zaidi.

Tofauti ya bei kati ya kifurushi cha KSh2,999 na cha KSh6,299 ni KSh3,300 kwa mwezi. Kwa mwaka ni KSh39,600. Kwa familia ambayo haikuhitaji kasi hiyo, hayo ni malipo ya karo yaliyopotelea hewani.

Mara nyingi tatizo linalomfanya mtu apandishe kifurushi halipo hata kwenye kifurushi. Ruta imefichwa nyuma ya TV au ndani ya kabati, kuta ni za mawe, chumba cha kulala kiko mbali. Ruta nyingi hutoa Wi-Fi ya aina mbili: ya 2.4 GHz inayopenya kuta vizuri zaidi lakini hubanana na Wi-Fi za majirani, na ya 5 GHz yenye kasi kubwa lakini isiyofika mbali. Kuihamisha ruta hadi katikati ya nyumba kunaweza kutatua kile ambacho KSh3,300 zaidi kwa mwezi kisingetatua.

Kipimo chake ni rahisi. Simu ikisogezwa karibu na ruta na kasi ikawa sawa na iliyolipiwa, kampuni imetimiza sehemu yake na tatizo liko ndani ya nyumba. Ikiwa hata hapo kasi ni nusu, jioni baada ya jioni, kuna hoja ya kumpigia mtoa huduma.

Jambo jingine la kuuliza ni neno "bila kikomo". Baadhi ya vifurushi vinavyoitwa hivyo vina kiwango ambacho ukikipita, kasi hushushwa hadi mwezi uishe. Maelezo yake hukaa kwenye masharti, chini, kwa herufi ndogo. Ni haki ya mteja kuyaulizia kabla ya kulipa.

Ikikatika, nani anakuja?

Hakuna kampuni isiyokatika. Kinachotofautisha ni kwa nini inakatika na inarudi lini.

Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi nyingine za ukanda huu. Kampuni zilizokuwa zimenunua nafasi kwenye nyaya nyingine zilirudi haraka. Zilizotegemea njia chache ziliumia. Mteja wa nyumbani hawezi kuona mpangilio huo kwenye tangazo, lakini siku kama ile huonekana wazi.

Umeme ni sababu ya karibu zaidi. Waya wa faiba wenyewe hupitisha mwanga, lakini kifaa cha ukutani na ruta vinataka stima. Betri ndogo ya ruta inaweza kuvishikilia kwa saa kadhaa. Dishi la Starlink hula umeme mwingi kuliko ruta ya kawaida, kwa hiyo betri yake ni kubwa na ghali zaidi. Kwa anayetumia sola kijijini, hilo liingie kwenye hesabu mapema.

Mvua nayo ina upendeleo. Dishi la TV hupokea mawimbi kutoka setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na mawingu mazito hukata picha. Setilaiti za Starlink ziko chini sana, kama kilomita 550, hivyo mawasiliano hayacheleweshwi sana, lakini mvua kubwa bado huweza kuyasumbua. Faiba haijali mvua. Inajali lori lililogonga nguzo na wachimbaji wa barabara.

Ikikatwa, kila kitu hutegemea fundi. Kampuni yenye wateja wengi mtaani huwa na mafundi karibu. Yenye wateja wawili kwenye jengo zima inaweza kuchukua siku. Ndiyo maana swali la maana kuliko "mna megabiti ngapi?" ni lile ambalo majirani hulijibu bure: ikikatika hapa, hukaa siku ngapi?

Wingi wa wateja una upande wake mbaya pia. Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu uwezo wa mtandao wake eneo hilo ulikuwa umejaa, na ikafungua tena Juni 2025. Teknolojia inayomkomboa mtu wa mashambani hubanwa pale watu wanaporundikana. Faiba ni kinyume: hung'aa palipo na watu wengi, na haifiki walipo wachache.

Ulinganisho wa haraka

- Mpangaji wa mjini mwenye waya tayari ukutani: kifurushi cha chini cha faiba kwa mwezi wa kwanza. Kikizidiwa, apande hatua moja.

- Mpangaji ambaye jengo lina kampuni moja isiyoridhisha: ruta ya 5G kama mawimbi yapo. Ajaribu kwanza jioni kwa simu ya jirani yenye 5G.

- Mwenye nyumba shambani bila faiba: Starlink, au kampuni ya kieneo inayotumia minara. Ahesabu dishi, umeme na malipo ya mwezi pamoja.

- Mwenye kipato cha siku: kampuni za mitaani zenye bei ya chini, au kuweka akiba ya KSh100 kwa siku badala ya bando, iwapo mwezi mmoja wa subira unawezekana.

- Shabiki wa ligi ya Uingereza: king'amuzi chenye SuperSport, kwa miezi ya msimu. Ligi hupumzika katikati ya mwaka, na hakuna sababu ya kulipia mechi zisizochezwa.

- Asiyejali mpira: antena ya chaneli za bure na intaneti. Kifurushi cha TV kinaweza kungoja.

Kinachopaswa kubadilika

Kushuka kwa bei kumeonyesha kuwa ushindani unafanya kazi. Safaricom ilipoona tishio, iliongeza kasi. Iliandika pia barua kwa Mamlaka ya Mawasiliano, Julai 2024, ikitaka kampuni za setilaiti zifanye kazi kwa kushirikiana na kampuni zenye leseni nchini badala ya kupewa leseni zao wenyewe. Kampuni kubwa zitatumia njia zote mbili, kuboresha huduma na kujenga ukuta, kulingana na ipi ni rahisi.

Kazi ya mdhibiti ni kuhakikisha ile ya kwanza ndiyo rahisi. Nairobi, kazi hiyo imebakia mlangoni mwa jengo. Sheria inaweza kusema kuwa waya wa ndani ya jengo ni miundombinu ya kugawana, kampuni yoyote yenye leseni iukodi kwa bei ya haki, na mkataba wa landilodi usimfunge mpangaji. Maji na stima ya mpangaji havitegemei urafiki wa landilodi na kampuni fulani. Intaneti, ambayo sasa ndiyo darasa, ofisi na duka, haina sababu ya kuwa tofauti.

Upande wa TV, king'amuzi kinachoweza kufungua chaneli za kampuni zaidi ya moja kingewaondolea wateja hofu ya kubaki na chuma kama ilivyokuwa kwa GTV. Kampuni hazitakipenda. Bila shinikizo hazitakileta.

Mteja naye ana silaha ndogo anayoweza kuitumia leo. Kanuni za kulinda watumiaji wa huduma za mawasiliano za mwaka 2010 zinampa haki ya kulalamika kwa kampuni yake kwanza, na asiporidhika apeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Malalamiko ya simu hupotea. Yaliyoandikwa, yenye tarehe za siku ambazo huduma ilikatika na picha za vipimo vya kasi, huwa magumu kupuuzwa.

Na kwa anayetafuta nyumba mwezi huu, swali la intaneti liulizwe pamoja na la maji na usalama, kabla ya kulipa deposit. Baada ya kulipa, mazungumzo na landilodi huwa mafupi.